Nahodha Hodari Hatoshi

Baada ya mkutano wa tawi letu hapa Mwanza, mzee mmoja wa kuheshimiwa alinivuta kando akaniuliza: "Mwalimu, nasikia wewe ndiwe unayetaka vijana watengewe mahali pa kuchezea kriketi. Je, huo si mchezo wa Wazungu na Wahindi? Chama kina kazi gani na mchezo wa watu wa suruali nyeupe?" Nilimwambia: "Mzee wangu, swali lako ni la haki, nami naomba ruhusa nilijibu gazetini, maana si wewe peke yako uliye nalo." Akacheka, akaniruhusu. Basi jibu langu ni hili, nalo lina jina la mtu. Jina lenyewe ni Steve Tikolo.

Kwa ndugu ambao hawajauona mchezo huu, yafaa nieleze kidogo. Kriketi ina kazi tatu. Kuna kuupiga mpira kwa kibao ili kupata mikimbio. Kuna kuurusha mpira ili kumtoa mpigaji wa upande wa pili, na kila anayetolewa huhesabiwa kuwa ni wiketi moja. Tena kuna kuudaka na kuuzuia mpira uwanjani. Wachezaji wengi huijua vizuri kazi moja tu. Wale wachache wanaoweza kupiga na kurusha ndio wanaothaminiwa sana, kama vile hapa ziwani anavyothaminiwa mvuvi ajuaye kutupa wavu, kupiga kasia na kuziba nyufa za mtumbwi. Mchezaji wa namna hiyo akiongezewa na unahodha, mzigo wake huwa mzito kupita wa wenzake wote.

Tikolo alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1971. Kaka zake, Tom na David, nao waliichezea Kenya. Zamani hizo klabu za kriketi za Nairobi zilikuwa kwa sehemu kubwa za ndugu zetu wenye asili ya Asia, na vijana wa Kiafrika walijifunza kandokando ya viwanja hivyo, kwanza kwa kutazama, kisha kwa kuokota mipira, mwisho kwa kucheza. Tikolo mwenyewe aliichezea klabu ya Swamibapa. Hakuna serikali wala chama kilichokaa kikapanga kwamba hapa atoke mchezaji mkubwa. Alitoka kwa juhudi yake, na kwa bahati ya kuwa karibu na kiwanja.

Tukumbuke tulikotoka katika jambo hili. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kriketi lilipochezwa Uingereza kwa mara ya kwanza, palikuwapo timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki, nahodha wake akiwa Harilal Shah. Ndani yake mlikuwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilicheza mechi tatu, ikashindwa zote tatu. Karibu wachezaji wote walikuwa wa asili ya Asia. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Wao ndio walioutunza mchezo wakati sisi tulikuwa tukiutazama kwa mbali, na wanastahili shukrani. Lakini taifa lenye vijana mamilioni haliwezi kuridhika mchezo ukae nyuma ya ua wa klabu chache.

Sasa ruka miaka ishirini na moja. Mwaka 1996, Kenya ikiwa peke yake, ilikwenda Kombe la Dunia lililochezwa India, Pakistan na Sri Lanka. Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya India, kijana Tikolo alipata mikimbio 65. Tarehe 29 Februari, katika mji wa Pune, Kenya ilikutana na West Indies, watu ambao majina yao peke yake yalitisha. Kenya ikapata mikimbio 166 tu, na watazamaji wakadhani mambo yamekwisha. Lakini West Indies wote walitolewa wakiwa na 93! Nahodha siku hiyo alikuwa Maurice Odumbe, naye aliangusha wiketi tatu. Siku chache baadaye, katika mji wa Kandy, Sri Lanka waliipiga Kenya mikimbio 398, hesabu ambayo hadi siku ile haikuwa imepata kufikiwa katika mechi za siku moja za kimataifa. Mbele ya mlima kama huo wengine wangekata tamaa. Tikolo alisimama akapata 96.

Mwaka uliofuata, Kuala Lumpur, katika fainali ya mashindano ya nchi zilizokuwa bado hazijapewa hadhi kubwa, alipata mikimbio 147 dhidi ya Bangladesh. Mvua ikaingilia, hesabu zikapunguzwa, na Bangladesh wakashinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Mkumbuke mchezo huo, ndugu zangu, kwa sababu nitaurudia.

Kilele kilifika mwaka 2003. Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, mechi nyingine Zimbabwe na Kenya, na nahodha wa Kenya alikuwa Tikolo. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi bila kucheza. Wako watu mpaka leo wanaosema kwamba Kenya ilibebwa na pointi hizo. Nawajibu hivi: je, Sri Lanka nao walikataa kucheza? Walikuja Nairobi tarehe 24 Februari, wakafungwa kwa mikimbio 53, na Collins Obuya, kijana aliyerusha mpira wa kuzungusha, akaangusha wiketi tano. Bangladesh walicheza, wakafungwa. Zimbabwe walicheza Bloemfontein, wakatolewa wote kwa 133 na kufungwa kwa wiketi saba. Hayo ni mataifa matatu yenye hadhi ya juu kabisa, na yote yaliangushwa uwanjani. Kenya ikafika nusu fainali, jambo ambalo halijapata kufanywa kabla yake na nchi isiyokuwa na hadhi hiyo. Tarehe 20 Machi, mjini Durban, India walishinda kwa mikimbio 91. Hata katika kushindwa huko, Tikolo alipata 56.

Tazama tena majina ya kikosi kile: Odumbe, Odoyo, Otieno, Obuya, Ongondo. Mtu wa Rorya au wa Musoma anayasikia majina hayo kila siku sokoni. Ni majina ya watu wa ziwa hili hili. Kwa hiyo mzee wangu aliyeniuliza kama mchezo huu ni wa wageni, jibu la kwanza ndilo hilo. Watoto wa wavuvi na wakulima wa nchi hizi wameucheza mbele ya dunia nzima, wakawafunga wakubwa.

Lakini kama ningekuwa na sifa tu za kuandika, nisingalipoteza nafasi ya gazeti hili. Linaloniuma ni yaliyofuata.

Baada ya 2003, ilionekana kama kwamba Kenya imefika. Watu walizungumzia kupewa hadhi ya juu kama jambo la kesho asubuhi. Haikuwa hivyo. Mataifa makubwa hayakuwapa mechi za kutosha. Mwaka 2004 wachezaji na viongozi wa chama chao waligombana juu ya malipo, wachezaji wakagoma. Mwaka huo huo Odumbe, shujaa wa Pune, alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha kutoka kwa mtu wa kamari. Mwaka 2005 chama cha zamani kiliondolewa kikaundwa kipya. Na wakati wakubwa walipokuwa wakigombana, nani alikuwa akiwafundisha watoto? Nyuma ya kikosi kile hapakuwa na kikosi kingine kilicho tayari.

Tikolo aliendelea kubeba. Alicheza Kombe la Dunia mara tano: 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011. Katika mechi za siku moja za kimataifa alipata mikimbio zaidi ya 3,400 na kuangusha wiketi zaidi ya 90. Alipoaga mwaka 2011, Kenya ilikuwa imefungwa mechi zake zote za Kombe lile. Halafu, mwaka 2013, katika mashindano ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la mchezo mfupi, aliitwa tena kuvaa jezi ya taifa. Alikuwa na umri wa miaka 42. Ndugu msomaji, mtu akiitwa kuvua samaki akiwa na miaka 42, hilo si jambo la ajabu. Lakini timu ya taifa ikimwita mzee wa miaka 42 aje aiokoe, swali si kwake, ni kwa wale waliokaa miaka kumi bila kumtafutia mrithi. Mapema mwaka 2014, Kenya ilipoteza hadhi yake ya mechi za siku moja.

Sasa rudini kwenye fainali ile ya Kuala Lumpur. Bangladesh, walioponea kwa mpira wa mwisho, walikwenda nyumbani wakajenga. Mwaka 2000 walipewa hadhi ya juu. Walifungwa mno katika miaka ya kwanza, watu wakawacheka, lakini mechi walizipata na vijana waliendelea kutoka. Tena iko habari ya karibu zaidi. Mwezi Oktoba 2008, palikuwa na mashindano ya daraja la nne hapa hapa kwetu, Dar es Salaam. Timu iliyoshinda ilikuwa Afghanistan, watu wa nchi iliyochakazwa na vita, ambao wengi wao walijifunza kriketi kambini wakiwa wakimbizi Pakistan. Mwaka 2015 walikuwa kwenye Kombe la Dunia. Mwaka 2017 walipewa hadhi ya juu. Mwaka 2024 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mchezo mfupi. Tanzania ilicheza nao katika mashindano yale yale ya Dar es Salaam. Kila mtu ajiulize wenzetu wamefika wapi na sisi tuko wapi.

Pengine kuna atakayeuliza: gazeti la chama lina haki gani kuandika juu ya nahodha wa kriketi? Namkumbusha habari ya Trinidad. Huko, kabla ya uhuru wao, chama cha People's National Movement kilikuwa na gazeti lililoitwa The Nation. Mwenyekiti wa kwanza wa chama hicho alikuwa Learie Constantine, mchezaji mashuhuri aliyeweza kupiga na kurusha. Mhariri wa gazeti, C.L.R. James, aliandika tena na tena juu ya jambo moja: kwa desturi ya miaka mingi unahodha wa West Indies ulikuwa wa watu weupe, hata kama ndani ya timu wamo watu weusi wenye ujuzi zaidi. Alitaka apewe Frank Worrell. Mwaka 1960 Worrell akapewa, akaiongoza timu Australia. Katika mchezo wa Brisbane pande zote mbili zilimaliza sawasawa kabisa, jambo lililokuwa halijapata kutokea kabla ya hapo katika mechi za ngazi hiyo. West Indies walishindwa jumla ya mashindano, lakini maelfu ya watu wa Melbourne walitoka barabarani kuwaaga.

Naitaja habari hiyo si kwa ajili ya rangi tu. Worrell alipoacha unahodha mwaka 1963, hakuacha pengo. Aliyefuata alikuwa Garfield Sobers, ambaye wengi humwita mchezaji kamili kuliko wote waliopata kuishi. Katika visiwa vile kila shule na kila kijiji kilikuwa na uwanja, na nahodha mmoja akiondoka, wako wengine watatu. Hiyo ndiyo tofauti. Tikolo hakuwa na ujuzi haba. Alichokosa ni watu wa kumrithi, na watu wa kurithi hawaanguki kutoka mawinguni. Hutoka shuleni.

Hapo nasema kama mwalimu. Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, nilipelekwa kufundisha kwa majaribio katika shule moja ambayo sitaitaja. Siku moja nilitumwa stoo kutafuta chaki. Nyuma ya madawati mabovu nikakuta mfuko wenye vibao viwili vya kriketi na mipira kadhaa, vyote vimejaa vumbi. Nikauliza. Nikaambiwa vililetwa na wafadhili, vikafungiwa ili visipotee. Kweli havikupotea! Lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuvishika. Nje ya dirisha, watoto wa shule ile ile walikuwa wakipigana mpira wa matambara kwa kipande cha ubao wa mtumbwi, mmoja akirusha, mmoja akipiga, wengine wakikimbilia mpira mpaka karibu na maji. Hawakujua jina la mchezo wao. Mimi nilijua, nikaona haya.

Majirani zetu wa ziwa hili hawakulala. Uganda wana kiwanja cha Entebbe, kando ya maji haya haya, na kwa miaka mingi shule zao zimekuwa zikishindana katika wiki maalumu ya kriketi. Matunda yake? Mwishoni mwa 2023 waliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la mchezo mfupi. Mwezi Juni 2024, huko Guyana, walipata ushindi wao wa kwanza, dhidi ya Papua New Guinea. Walipigwa vibaya na West Indies, wakatolewa kwa mikimbio 39, lakini walikuwapo. Rwanda nao, ambako mchezo huu ulishika mizizi baada ya 1994 kwa watu waliorudi nyumbani kutoka uhamishoni, walifungua uwanja mzuri wa Gahanga, Kigali, mwaka 2017.

Na sisi je? Hatukukosa kila kitu. Tikolo mwenyewe, baada ya kuifundisha Uganda, alikuja kuifundisha timu ya taifa ya Tanzania. Huo ndio urithi wake ninaouona mkubwa kuliko mikimbio yote, kwamba mtu aliyekuwa nyota alikubali kuanza upya na wanafunzi, na nchi isiyokuwa yake. Na mwaka 2025, vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, kwenda Kombe la Dunia la vijana la 2026 huko Zimbabwe na Namibia. Kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini Kenya ya 2003 nayo ilikuwa na mlango wazi.

Natabiri kitakachotokea tukikaa kimya. Tutawapigia makofi vijana hawa. Tutapiga nao picha. Viongozi watawapa mikono. Kisha tutangojea watufanyie miujiza miaka kumi na tano, na siku watakapochoka tutauliza, "Mbona hakuna wengine?" Hivyo ndivyo tunavyowafanya mashujaa wetu, katika michezo na pengine si katika michezo tu.

Basi nawaomba ndugu wanachama wa Mwanza mambo matatu, nayo si ya gharama kubwa.

Kwanza, ardhi. Mji wetu unapanda milimani na kuteremka mpaka majini, na kila mahali palipo tambarare pana mtu mwenye karatasi. Kamati za matawi zihesabu viwanja vya shule na vya wazi vilivyobaki, kila kimoja kiandikwe, na kila kimoja kilindwe kabla hakijageuka vibanda. Ombi hili si la kriketi peke yake. Ni la kila mtoto anayetaka mahali pa kukimbia.

Pili, tusiufanye mchezo kuwa adui wa kandanda. Njia ya kuchezea kriketi ina urefu wa mita 20 na kitu. Yaweza kumwagiwa saruji pembeni mwa uwanja wa mpira, au katikati ya viwanja viwili, na kutandikwa mkeka wakati wa mchezo. Mafundi tunao, na kazi ya kujitolea si neno geni kwetu. Watoto waanze na mpira laini wa tenisi, ule wa ngozi utakuja baadaye. Na mabinti wasiachwe kando kushangilia, wapewe vibao vile vile.

Tatu, walimu. Chuo cha ualimu kiko hapa Butimba. Kila mwalimu mwanafunzi anayetoka akiwa anajua sheria za mchezo na namna ya kumshikisha mtoto kibao, atakwenda nao Sengerema, Magu, Ukerewe au Misungwi. Klabu za wenzetu wenye asili ya Asia hapa mjini ziombwe kwa heshima zitoe watu wa kufundisha. Sidhani kama watakataa. Mara nyingi sisi ndio tusioomba.

Mzee wangu, umeniuliza chama kina kazi gani na mchezo huu. Kazi yake si kuchagua nahodha wala kugombea sifa za ushindi. Kazi yake ni ile ambayo Nairobi haikufanywa baada ya 2003: kuhakikisha kwamba nyuma ya mtu mmoja hodari wako watoto mia wanaojifunza. Nimepata habari kwamba mkutano wa tawi utakaa tena Jumamosi. Nitakuja na orodha ya viwanja vilivyobaki katika kata yetu, nimekwisha kuvizungukia kwa baiskeli. Wewe unaijua mipaka ya zamani kuliko mtu yeyote. Njoo, tuitazame pamoja.